Fundi Cherehani Aliyenunua Pikipiki Yangu Ndefu

Pikipiki ilinilalia mguu mbele ya soko la Kibondo, saa nne asubuhi, siku ambayo nilikuwa nimeisugua mpaka inang'aa. Haikuwa ajali. Nilisimama kumpisha mama mwenye beseni la dagaa, nikashusha mguu wa kushoto kama nilivyozoea, na nyonga ikakataa. Pikipiki ikaanza kuinama polepole, nami nikainama nayo, tukafika chini pamoja bila kelele. Wanaume watatu waliacha magunia yao ya maharage wakaja kuinyanyua.

"Mzee," mmoja akasema huku akihema, "hii si pikipiki, hii ni ng'ombe."

Wenzake wakacheka, nami nikacheka nao. Nilipofika nyumbani niliiegesha kibandani, nikaketi juu ya ndoo nikiitazama. Daktari alikuwa ameshaniambia habari ya nyonga, na mimi nilikuwa nimejifanya sikusikia. Siku ile nilikubali kwamba lazima niiuze. Kilichonisumbua ni swali moja: nani, katika Kibondo hii au Kasulu au Kakonko, atataka kitu kama kile?

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Natengeneza mageti, madirisha na vitanda. Pikipiki ile niliinunua mnadani ikiwa imekufa. Ilikuwa ya mzungu mmoja aliyefanya kazi na wakimbizi, akaja nayo kutoka kwao, sijui alikuwa ameambiwa nini kuhusu barabara zetu. Ilikuwa na injini kubwa ya silinda mbili zilizoachana kama vidole viwili vya mkono. Tangi lilikuwa limebonyea, taa hakuna, panya wamezaa ndani ya kiti. Nilitaka injini tu, nifungie mashine ya kusaga. Lakini nilipoisafisha na kuitia mafuta, ikaguruma mara moja, sauti nzito ya taratibu, kisha ikazima. Nilisimama pale na bisibisi mkononi. Nikataka kujua ingekuwaje ikiguruma ikiwa inakwenda.

Ikanichukua karibu miaka tisa. Kila Jumapili baada ya ibada nilivua shati jeupe nikavaa ovaroli. Shokapu za mbele nilizirefusha kwa mabomba niliyochongesha Kigoma mjini, gurudumu la mbele likaenda mbali kabisa, kama linataka kufika kabla ya mwenyewe. Usukani niliupinda kutoka kwenye bomba la kitanda cha zamani, ukapanda juu hata mikono yangu ikawa kama ya mtu anayechuma mapera. Tangi niliunda upya kwa bati nene, nikalipiga rangi ya kijani iliyokolea. Kiti nilimpa fundi viatu Mkongo, mkimbizi wa Nyarugusu, niliyemkuta gulioni Makere. Alishika ngozi, akainusa, akasema, "Mukubwa, hii siyo kiatu, lakini itakuwa muzuri." Na kweli ikawa nzuri.

Miaka yote hiyo barabara ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua, na mimi nilikuwa naendesha kutoka nyumbani hadi sokoni na kurudi, basi. Kisha lami ikaja. Nilipata mwaka mmoja wa kuendesha lami kabla nyonga haijaniangusha.

Binti yangu ni mwalimu Kakonko. Alikuja mwisho wa wiki, akaisimamisha pikipiki mbele ya ukuta wa nyumba yetu wa matofali ya kuchoma ambao haujapigwa lipu, akapiga picha, akazituma kwenye magrupu yake yote ya simu. Kesho yake simu ilianza kulia.

Watu walikuja wengi, na wengi hawakuja kununua. Alikuja kijana wa bodaboda kutoka Kakonko, akaizunguka mara mbili, akauliza inabeba abiria wangapi. Nikamwambia mmoja, tena asiwe mnene. Akanisikitikia. Alikuja mwalimu wa kwaya, akaomba aitumie siku moja tu, wanakwaya wapige nayo picha za video. Nikamwazima. Wakaiweka katikati ya uwanja wa kanisa, wakaizunguka na sare zao za zambarau wakiimba habari za safari ya mbinguni, na mke wangu akacheka mpaka akakaa chini.

Alikuja pia mfanyabiashara mmoja wa Kasulu. Huyo alikuwa na nia. Alisikiliza injini kwa makini, akakubali bei bila kuvutana, kisha akasema, "Nitang'oa injini hapahapa, nisijisumbue kubeba hayo mabomba mengine. Nina mashine ya kusaga imekufa."

Nilikuwa nimewaza jambo lilelile miaka ile mnadani, kwa hiyo sikuwa na haki ya kukasirika. Lakini nilikasirika. Nikamwambia nitamjibu. Mke wangu alisikia kutoka jikoni.

"Baba, unauza pikipiki au unaoza binti?" akaniuliza.

Nikarudi kibandani.

Siku mbili baadaye ikaja simu ya sauti ya kike, taratibu, yenye lafudhi yetu ya Kiha.

"Amahoro. Wewe ndiye fundi mwenye pikipiki ndefu?"

"Ndiye mimi, mama."

"Nimeitazama picha. Kiti kinafika katikati ya tofali la sita kutoka chini. Nataka kujua tofali la kwenu lina sentimita ngapi, pamoja na udongo wake."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia. Nikatoka nje na futi yangu, nikapima, nikamwambia kumi na mbili.

Nikamsikia akihesabu, tano na nusu mara kumi na mbili. "Basi ni sitini na sita," akasema. "Mguu wangu kwa ndani ni sitini na nane. Zinabaki mbili. Nakuja Jumamosi."

Simu ikakatika. Nilibaki na futi mkononi. Katika watu wote waliopiga, hakuna aliyekuwa ameuliza kimo cha kiti.

Jumamosi alishuka kwenye basi la Kasulu akiwa na mkoba mmoja. Alikuwa mwanamke mfupi sana, wa miaka hamsini hivi, kitenge kimefungwa vizuri, shingoni amening'iniza utepe wa kupimia kama mkufu. Alikuwa fundi cherehani. Anashona sare za shule na magauni ya harusi, akaniambia, na mume wake alifariki zamani. Hakutaka chai kwanza. Alitaka kuiona.

Aliinama mbele ya pikipiki, akaanza kupima. Akapima kiti, akapima kutoka kiti hadi vikanyagio, kutoka kiti hadi usukani, kila kipimo akikiandika kwenye daftari dogo. Kisha akapitisha kidole kwenye mshono wa kiti.

"Aliyeshona hapa anatumia mkono wa kushoto," akasema.

Nikajaribu kumkumbuka yule Mkongo gulioni, jinsi alivyoshika sindano. Ni kweli, alikuwa wa kushoto. Miaka yote nimekalia mshono ule na sikuwahi kuuona.

"Umejuaje, mama?"

"Uzi unalalia upande wake." Akanyanyuka. "Naweza kukaa?"

Nikaishika pikipiki. Akavuta kitenge, ndani alikuwa amevaa suruali, akapanda. Miguu yake yote miwili ikakaa chini, visigino na vyote. Akaangalia mguu wa kulia, akaangalia wa kushoto, kisha akacheka peke yake.

Ndipo akanieleza. Alikuwa amejiandikisha kwenye mafunzo ya udereva Kasulu, pamoja na vijana wa bodaboda, mwanamke peke yake darasani. Alama za barabarani alizijua zote. Lakini uwanjani, kila pikipiki waliyompa ilikuwa ndefu kwenda juu. Akisimama, miguu inaelea, anaanguka. Mara ya nne walimshauri aache. Ndipo mteja wake mmoja alipomwonyesha picha zangu, kumchekesha, na yeye akaanza kuhesabu matofali.

"Lakini mama," nikasema, "hii ni nzito. Na huku mbele ni ndefu, haipindi upesi. Kwa nini usingoje upate ndogo, uishushe?"

"Na wewe kwa nini uliirefusha?"

Nilikuwa nimeulizwa swali lile na watu wengi, na siku zote nilijibu kwa mzaha. Yeye alikuwa anasubiri jibu.

"Nilitaka kuona itakuwaje," nikasema.

"Ego," akaitikia kwa Kiha. "Na mimi vilevile."

Tulipatana. Lakini alikuwa na sharti: usukani ukatwe. Mikono yake haikufika vizuri, na alikuwa na vipimo vyake daftarini. Usukani ule niliupinda mara saba mpaka ukakubali. Nikamwambia hauna shida, atauzoea tu.

"Fundi," akasema kwa upole, "mimi nikimshonea mtu gauni, halafu nikamwambia alizoee, atarudi tena kwangu?"

Nikaleta grenda. Aliposikia mlio, mke wangu alitoka nje kuona ninakata nini, maana alijua sikuwa na kazi ya mteja siku hiyo. Akakuta usukani umelala chini vipande vitatu, na yule mama ameshika daftari, ananisomea. "Mkono wa kushoto ongeza sentimita moja," alisema, "bega langu hili liliwahi kuteguka." Nikaongeza. Nilipomaliza kuchomelea na kupiga msasa, akakaa tena, akashika, akainamisha kichwa upande mmoja kama anayemtazama mteja aliyevaa nguo mpya.

"Na huku mbele?" akauliza. "Hapawezi kufupishwa?"

"Hapo hapana," nikasema, na nadhani nilisema kwa ukali.

"Basi hapo paache."

Alikaa Kibondo siku nne, kwa muumini mwenzake. Kila asubuhi tulikwenda kwenye uwanja wa shule, wanafunzi wakiwa likizo, nikamfundisha. Alikuwa mwanafunzi wa ajabu. Hakuwa na haraka, wala hakuona aibu. Alitaka kujua klachi inafanya nini kule ndani, si jinsi ya kuibana tu. Nikamchorea mchangani. Alitaka kujua kwa nini injini inagonga tofauti ikiwa ya baridi. Nilijikuta naeleza mambo ambayo sikuwahi kumwambia mtu, na mengine nikagundua siyajui. Aliangusha pikipiki mara mbili, na mara zote mbili aliikagua pikipiki kwanza ndipo akajikagua mwenyewe.

Siku ya tatu alikula kwetu, ugali wa muhogo na maharage, na akaongea na mke wangu kwa Kiha wakiosha vyombo. Jioni nikamwuliza mke wangu walikuwa wanaongea nini muda wote ule.

"Nilimwuliza pikipiki ya nini," mke wangu akasema. "Ameniambia alivuka kutoka Burundi amebebwa mgongoni. Kambini akapelekwa na lori. Kanisani siku ya harusi akapelekwa kwenye baiskeli, amekaa upande. Hospitali kujifungua, machela. Anasema hajawahi kufika mahali kwa kujipeleka, ila kwa miguu."

Mke wangu akakunja kitambaa alichokuwa nacho. Wazazi wake walivuka hivyohivyo, na wangu pia.

Mambo ya kadi yalituchukua siku nzima. Kadi ilisema pikipiki ni nyekundu, nayo ilikuwa ya kijani. Askari aliyeikagua alipiga magoti kutafuta namba ya fremu, akaisugua kwa kidole, akaisoma kwa sauti namba kwa namba, ikalingana. Kisha akaomba kuikalia. Akapigwa picha. "Nani ataiendesha?" akauliza. Mama akanyoosha kidole chake mwenyewe kifuani. Askari akamtazama, akaitazama pikipiki, akagonga muhuri.

Niliipeleka mwenyewe Kasulu, yeye amepanda basi mbele yangu. Nyonga hainisumbui nikiwa nakwenda, hunisumbua nikisimama, kwa hiyo nilipiga mwendo bila kusimama, vilima vya Makere vikipanda na kushuka, watoto wakipunga mikono. Kasulu nilimkuta amenisubiri nje ya kibanda chake na wanawake wanne wa jirani. Walinishikia pikipiki nikashuka. Nikapanda basi la kurudi, na nilikuwa sina huzuni kama nilivyotarajia. Nilikuwa na hamu tu ya kujua.

Wiki tatu baadaye alinipigia. Alikuwa amefanya mtihani wa udereva na ameshindwa. Pale wanapoagiza uchore namba nane kati ya koni za plastiki bila kushusha mguu, pikipiki ilikataa kupinda, koni mbili zikaanguka.

Sikulala vizuri. Nilijua kosa liko wapi. Lilikuwa kwenye mabomba yangu ya mbele, yale niliyokataa kuyagusa kwa sababu ya fahari yangu. Asubuhi nikampigia.

"Mama, ilete. Nitazifupisha shokapu. Sitataka kitu."

"Usiziguse," akasema. "Nimekwishajua."

"Umejua nini?"

"Nilikuwa naanza kukata kona nikifika kwenye koni. Hiyo ni kwa pikipiki fupi. Hii unaanza kabla, unapokuwa bado huoni sababu ya kukata. Ni kama kitambaa cha maua makubwa, ukingoja ufike kwenye pindo ndipo ufikirie, umeshaharibu. Nimechora nane kwa chaki uwanjani kwetu. Nafanya kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda. Njoo Alhamisi uone."

Nilikwenda. Uwanjani walikuwepo vijana kama ishirini, kila mmoja na pikipiki yake nyepesi, na yeye kati yao amevaa kofia ngumu nyeupe. Wale vijana walikuwa wameacha kumcheka, niliona. Walikuwa wananyamaza kila injini ile ilipoguruma. Msimamizi akaita jina lake. Akaondoka taratibu mno, mpaka nikaogopa itazima. Kabla ya koni ya kwanza, mahali ambapo mimi bado ningekuwa naenda moja kwa moja, akaanza kuegemea. Gurudumu la mbele likapita pembeni ya koni kwa upana wa kiganja. Akavuka katikati, akaegemea upande wa pili, mapema tena, huku anatazama mbali, hazitazami koni hata kidogo. Nikaona midomo yake inachezacheza. Nilidhani anaomba. Baadaye aliniambia alikuwa anahesabu, kama anavyohesabu akipiga cherehani.

Hakuna koni iliyoanguka. Kijana mmoja akapiga mluzi. Msimamizi akaandika, akamrudishia karatasi, akasema, "Mama, hongera," na akaongeza kwamba hajawahi kuona pikipiki ile ikipinda hivyo. Nikataka kumwambia hata mimi niliyeiunda sijawahi. Badala yake nikaenda kumshikia pikipiki ashuke.

Leseni yenyewe ilitoka baada ya siku kadhaa. Alikuwa anataka sanduku la kupakia sare, maana shule moja ya Rungwe Mpya ilikuwa imempa kazi. Nikarudi Kasulu na mashine yangu ya kuchomelea, nikamfungia sanduku la bati pembeni. Tulipomaliza akasema, "Panda, nikupeleke stendi."

Sikuwahi kukaa nyuma ya pikipiki ile. Miaka yote. Nilipokaa ndipo nikagundua niliyoyafanya. Kiti cha nyuma kilikuwa kipande cha mbao chenye ngozi juu, kila shimo la barabara linapanda moja kwa moja hadi kwenye meno, na bomba la moshi linachoma shavu la mguu wa kulia. Mke wangu alikuwa akikataa kupanda, na mimi niliwaambia watu kuwa ni mwoga. Nilishika ubavu wa sanduku nikavumilia. Mbele yangu mama yule alikuwa amenyooka, mabega yameshuka, mikono imekaa mahali pake hasa, na nikaona kwamba usukani mfupi ule ulikuwa umeipendeza pikipiki kuliko wangu.

Stendi alisimama, miguu yote miwili ikatua chini. Nikashuka kwa shida. Nikamwambia kuhusu kiti cha nyuma, kwamba nitakuja kukirekebisha.

"Kiache," akasema. "Sina mpango wa kumbeba mtu mara nyingi." Kisha akafikiri. "Lakini ukija, hilo bomba lifunike kwa bati. Lisije likamchoma mwingine."

Akageuza, mapema, kabla sijaona sababu, akapita kati ya basi na mkokoteni wa miwa, akaelekea njia ya Rungwe Mpya na sare zake.

Ndani ya basi, mzee aliyekaa dirishani aligeuka akaniuliza, "Yule mama ni nani?"

"Fundi cherehani."

"Na lile pikipiki ni la nani?"

"La kwake," nikasema.

Akataka kujua linakula mafuta kiasi gani. Nikaanza kumweleza, na injini, na jinsi silinda zilivyokaa, na kwa nini inagonga ikiwa ya baridi. Alisikiliza mpaka Makere, akashuka na kuku wake wawili, bado ananiuliza kupitia dirishani.